Dawa za presha na sukari zimeisha kituoni, wagonjwa wa mbali tunafanyaje?

Tabibu_Mwambao:

Wakuu habari za mihangaiko. Mimi ni tabibu kwenye kituo cha afya huku mwambao wa ziwa Tanganyika, wilaya ya Uvinza. Naomba mawazo hasa kwa mlioko vituo vidogo kama changu, maana hospitali kubwa mambo yanakuwa tofauti, kule kuna madaktari wengi na nje ya geti kumejaa famasi.

Kliniki yetu ya presha na kisukari ina watu wengi sana, hii kusema presha ni ugonjwa wa mjini huku haipo kabisa, wavuvi wanayo, wakulima wa michikichi wanayo, bibi zetu ndo usiseme. Sasa za presha, amlodipini imeisha, losartani yamebaki makopo machache, ya sukari metformini inaelekea ukingoni na kwenye oda iliyopita vyote vilirudi vimeandikwa OS, yaani huko tunakoagiza hazipo. Dawa mseto ya malaria ipo, ARV zipo, za kifua kikuu zipo. Zinazoniumiza kichwa ni hizi za kunywa maisha yote.

Yaani mama anatoka kijijini kwao alfajiri na boti, nauli kalipa, foleni kakaa, napima presha 180 kwa 110, halafu mimi huyohuyo niliyemwambia mwezi uliopita asiache dawa hata siku moja namwambia leo hakuna dawa kanunue. Akanunue wapi? Duka la dawa muhimu hapa ni moja na siyo kila dawa wanaruhusiwa kuuza. Matokeo yake nimeanza kuona wanachofanya nyumbani: wanakata vidonge nusu ili vifike mbali, wanaazimana, mtu anaenda kwa jirani anaomba vidonge vitano anasema nitarudisha nikipata zangu, wengine wanameza siku kichwa kikiuma tu. Kuna mzee alikuwa anameza metformini ya mkewe akijua ni ya presha kisa vyote vyeupe.

Naomba kujua hivi: mgonjwa unamwambia nini kwa maneno gani asikate tamaa akaacha kuja? Kidogo kilichobaki unampa nani? Na dawa za kubadilisha unabadilishaje bila kumuumiza mtu, hasa sisi tusio madaktari? Na kingine kinachoniuma, watu wameanza kusema dawa tumeuza. Asanteni.

NesiKasulu:

Pole sana mwanangu. Mimi ni nesi wa siku nyingi, nimefanya zahanati na vituo vya huku Kasulu mpaka nikahamia kliniki ya wazee, hilo unalosema nalijua vizuri.

Cha kwanza kabisa usisubiri kopo la mwisho. Sisi tukiona dawa imebaki ya kama mwezi na nusu hivi na oda haijaja tunaanza kuongea na wagonjwa palepale kwenye benchi asubuhi kabla ya kupima, wote wanasikia pamoja. Tunasema wazi: dawa fulani imepungua, tumeomba, hatujui itafika lini, kwahiyo leo mtapewa pungufu, na mwenye uwezo wa kununua akiba aanze sasa hivi wakati bado ana vidonge nyumbani. Mtu akiambiwa mapema anajipanga, anampigia mwanae aliye Dar au Mwanza anamwambia nitumie. Akiambiwa siku dawa imeisha anabaki kulia tu.

Pili, usimwambie mgonjwa "dawa hakuna" ukanyamaza. Mwambie dawa hii haipo, wewe utafanya hivi, ukiona dalili hizi njoo siku yoyote, na tarehe ya kurudi ni hii. Hata kama kidonge hakuna bado kuna kumpima, kuna kumwangalia miguu, kuna kuongea naye chumvi. Wengi wanaacha kuja kwa sababu wanaona nilikuja nikarudi mikono mitupu, sasa akirudi amepimwa, ameshauriwa na ameandikiwa kwenye daftari lake dawa ya kununua anaona safari yake haikuwa bure.

Halafu rejista. Uwe na daftari moja la wagonjwa wote wa kudumu, jina, kijiji, namba ya simu (kama hana, ya mtoto au balozi wa nyumba kumi), dawa anayotumia na nguvu yake. Dawa ikiingia unajua umwite nani. Kwetu wahudumu wa afya wa vijijini ndo wanapeleka habari, wanapita nyumba kwa nyumba tayari kwa kazi nyingine, unawapa majina wanakwambia fulani alihamia, fulani anaumwa hajaweza kuja.

Kuhusu kugawa, sisi tunampa kila mtu wiki mbili mbili badala ya mwezi, ili wote wapate.

Mwana_Ujiji:

Mimi siyo mtu wa afya ila nina mama mwenye presha na sukari kwahiyo naomba niseme upande wa sisi tunaougua na kuuguza, samahani kama nitakuwa mrefu.

Dada nesi hapo kwenye wiki mbili kwa kila mtu naomba nikupinge kidogo kwa heshima. Mama yangu akiwa Ujiji mjini wiki mbili siyo shida anatembea kwa miguu anafika. Lakini shangazi yangu yuko kule chini kuelekea Kalya, ukimpa wiki mbili umemwambia alipe nauli ya kwenda na kurudi kila wiki mbili na huyo ni mjane, hatarudi. Atakunywa zile za wiki mbili halafu basi mpaka mwezi wa ngapi huko. Kwahiyo mnapogawa sawa kwa wote hamjagawa sawa kweli, aliye karibu apewe kidogo arudi mara kwa mara na aliye mbali apewe nyingi hata kama wengine watanuna, mkishawaeleza kwanini watu wanaelewa, watu wa huku siyo wagumu kihivyo wakielezwa.

Lingine ni mwandiko. Jamani andikeni vizuri. Mama aliandikiwa kikaratasi akanunue, nikaenda duka la kwanza wakasoma hivi, la pili wakasoma vingine, mwisho tukapewa dawa yenye jina la kampuni tusilolijua na nguvu mara mbili ya aliyokuwa anatumia, kama siyo binti yangu anayesoma kuangalia kwenye boksi la zamani mama angemeza kizima. Andikeni jina halisi la dawa, siyo la kampuni, na miligramu ngapi, mara ngapi kwa siku, na muandike na ile nyingine inayoweza kutumika kama hiyo hakuna, maana muuzaji asipokuwa nayo ataamua mwenyewe.

Na hela. Huku kwetu hela ina msimu. Wavuvi wa dagaa wanafanya kazi usiku wa giza, mbalamwezi ikijaa taa hazina kazi ziwani na watu wanaanika nyavu. Ukimwambia mvuvi kanunue dawa wakati wa mbalamwezi unampa mtihani, mwambie wakati wa giza atanunua za mwezi mzima. Ndugu zetu wa Tabora kule Urambo na Kaliua nao hivyohivyo na tumbaku, wakishauza hela ipo, kabla ya hapo wanakopa hata chumvi. Daktari anayejua mgonjwa wake anaishi kwa kazi gani anajua amwambie lini.

Na ule uchungu wa kadi. Tulilipia CHF iliyoboreshwa, ule mfuko wa afya ya jamii, elfu 30 kaya ya watu 6, halafu ukifika unaambiwa dawa kanunue. Hapo ndo maneno ya dawa zimeuzwa yanapozaliwa, mtu amelipa kabla na anaona amelipa mara mbili.

Mfamasia_Unyanyembe:

Salaam wote. Niko Tabora, kazi yangu ni dawa za vituo vya halmashauri. Mwana_Ujiji umeongea ukweli mtupu, nimekusoma mara mbili.

Tabibu nataka nikuguse sehemu ambayo vituo vingi havioni. Unasema dawa zilirudi OS, sawa, hilo la Bohari ya Dawa ya serikali. Lakini angalia na ulichoomba. Oda tunayotuma kwenye eLMIS, ule mfumo wa kompyuta wa kuagizia dawa, inategemea matumizi uliyoripoti, sasa kama dawa ilikaa rafuni nusu ya kipindi halafu ikaisha, matumizi yako yanaonekana madogo kumbe watu walikuwepo dawa ndo haikuwepo. Tuseme kipindi cha oda ni siku 60, umetoa vidonge 900 na rafu ilikuwa tupu siku 30. Ukiandika 900 ukanyamaza umeomba njaa ya kipindi kijacho. Hizo 900 zimeliwa kwa siku 30 tu, mahitaji yako halisi ya siku 60 ni 1,800. Ndo maana kuna sehemu ya kujaza siku ambazo dawa haikuwepo, na hiyo sehemu naikuta sifuri kwenye fomu nyingi mno huku leja inaonyesha kabisa dawa iliisha lini. Ikiachwa sifuri kila oda inakuwa ndogo kuliko iliyopita, kituo kinakonda taratibu na hakuna anayejua kwanini. Naomba sana wewe na anayeshika stoo mkae mpige hiyo hesabu dawa moja moja, anzeni na amlodipini na metformini.

Pia ukikosa Bohari siyo mwisho wa safari. Ile taarifa ya kwamba hawana ndo ruhusa yako ya kwenda kwa Mshitiri, yule muuzaji wa dawa mwenye mkataba na mkoa, kupitia halmashauri, ukatumia fedha za kituo, za papo kwa papo, za bima, za CHF. Ombeni kwa maandishi mapema na kamati ya kituo ijue, kwa sababu Mshitiri naye anataka muda na malipo.

Tatu mpigie mfamasia wa wilaya yako leo. Mara nyingi kituo A hakina dawa ambayo kituo B imelala na inakaribia kuekspaya, mgonjwa aliyehitaji alikufa au alihama. Tunahamisha kwa hati, hiyo ni kazi yetu, lakini lazima mtuambie. Sisi tuna grupu la wasimamizi wa stoo wote, kila Jumatatu kila kituo kinaandika kilichozidi na kilichopungua, nimeona dawa ya kifafa ikivuka kata mbili kwa bodaboda mchana huohuo.

Kuhusu maneno ya dawa kuuzwa: wajumbe wa kamati ya afya wapo kwa ajili hiyo, wawepo siku ya kupokea, wahesabu makopo, wasaini. Af bandika ubaoni nje orodha ya dawa zilizofika, idadi, na zilizokosekana, kwa Kiswahili cha kawaida, "dawa ya presha ya amlodipini: tuliomba makopo kadhaa, hayakuja". Mjumbe wa kijiji akishaona kwa macho yake ndo anakusemea kwenye mkutano, wewe ukijisemea mwenyewe haina uzito.

DaktariUnyamwezini:

Nimechelewa kuingia ila naona swali la kubadilisha dawa halijajibiwa. Nitaandika ninavyofanya, na Tabibu usiache kufungua mwongozo wa matibabu wa taifa (STG) na kumpigia daktari wa hospitali ya wilaya ukikwama, simu haina aibu.

Kwanza kabla ya kubadilisha jiulize mgonjwa huyu akikosa dawa wiki mbili nini kitatokea. Wapo ambao hawaruhusiwi kukosa hata siku chache, hao kidogo kilichobaki ni chao. Mtu wa kisukari aina ya kwanza na insulini yake huyo ni wa kwanza kabisa, akikosa anaweza kufa ndani ya siku chache, asiambiwe kusubiri oda wala kununua, apelekwe hospitali. Mtu wa kifafa, ukikata ghafla fenobarbitoni anaweza kupata degedege lisilokoma. Anayetumia prednisoloni kwa muda mrefu. Anayetumia dawa za moyo na presha kama propranololi au atenololi hasa mwenye maumivu ya kifua, zile hazikatwi ghafla. Mwenye moyo uliochoka anayekunywa furosemidi, huyo akikosa anajaa maji. Na watoto wa moyo uliotokana na homa ya baridi yabisi wanaochoma benzathini penisilini kila wiki tatu au nne, hii imewahi kuadimika dunia nzima siyo kwetu tu. Ikikosekana hao watoto wape penisilini V ya vidonge mara mbili kwa siku mpaka sindano irudi, ila mjamzito mwenye kaswende usimbadilishie chochote, mtafutie benzathini popote ilipo maana ndo dawa inayomlinda na mtoto tumboni.

Presha sasa. Amlodipini 5 haipo, nifedipini ile ya kutoka taratibu ya miligramu 20 mara mbili kwa siku inashika nafasi yake, na hapo mwambie mgonjwa kwa msisitizo hicho kidonge hakikatwi wala hakitafunwi, kwa sababu wewe umesema wameshazoea kukata. Amlodipini ya 10 ndo inaweza kukatwa ikawa 5, hiyo sawa, na ninyi ndo mkikate wenyewe pale dirishani siyo akakate nyumbani na panga. Losartani ikiisha nenda enalaprili au kaptoprili, ila muulize kwanza kama aliwahi kutumia hizo akakohoa au kuvimba midomo, inawezekana ndo sababu alihamishiwa losartani. Kaptoprili ni mara mbili au tatu kwa siku, mtu aliyezoea kidonge kimoja asubuhi atasahau, mwandikie kwenye daftari na mwambie mtu wa nyumbani. Zote hizo tatu mjamzito hapewi, yeye ni methildopa au nifedipini. Bendro (bendroflumethiazaidi, ya kukojosha) ikikosekana haidroklorothiazaidi inafanya kazi ileile.

Na yule mama wa 180 kwa 110, kama hana maumivu ya kifua, haoni giza, hajachanganyikiwa wala kupooza upande, usikimbilie kumshusha siku hiyohiyo. Ile tabia ya kutoboa nifedipini ya maji na kuweka chini ya ulimi iachwe kabisa, presha inashuka ghafla ubongo unakosa damu. Mwanzishie mbadala, mwambie arudi baada ya wiki moja au mbili.

Metformini na glibenklamaidi watu wanaona ni ndugu, siyo. Metformini ikiwa peke yake ni nadra kushusha sukari kupita kiasi, glibenklamaidi inashusha hata kama mtu hajala. Mzee anayekula mlo mmoja kwa siku au mwenye figo dhaifu mimi simpi glibenklamaidi, bora nimsisitizie chakula na nimpime sukari kila wiki mpaka metformini irudi kama sukari yake haiko juu sana. Ukilazimika, anza na miligramu 2.5 na chakula cha asubuhi, hajala hamezi, na familia ijue kutetemeka, jasho jingi na kuongea visivyoeleweka maana yake apewe sukari haraka ndo wamlete.

Insulini, kama Mixtard 30/70 (ile iliyochanganywa tayari) imeisha lakini mna ile ya maji safi (ya muda mfupi) na ile yenye rangi ya maziwa (NPH, ya muda mrefu) kando kando, zinachanganywa kwenye bomba moja, asilimia 30 safi na 70 ya maziwa, unavuta safi kwanza. Mtu wa yuniti 30 anavuta 9 safi na 21 za maziwa. Lakini usimfundishe mara moja ukamwachia, avute mbele yako mpaka uridhike, na mara ya kwanza ongea na hospitali.

Pumu nayo, salbutamoli ya kuvuta ikiwa chache usimpe mtu bila kumtengenezea chupa ya maji ya nusu lita, toboa kitako kiingie kile kipuliza, dawa nyingi inafika kifuani badala ya kubaki kooni. Vidonge vya salbutamoli vinatetemesha mikono tu, msaada mdogo.

Na chumvi, dada nesi kagusia. Chini ya kijiko kimoja cha chai kwa siku kwa mtu mmoja, chakula chote. Kwenu mna samaki wakavu wa chumvi, waloweke na wamwage yale maji kabla ya kupika. Anayepunguza chumvi hivi ndo mwenye nafuu kidogo akikosa kidonge.

Tabibu_Mwambao:

Asanteni sana wote, mama nesi shikamoo. Nimekaa na mwenzangu wa stoo jana tukafungua leja, kweli kabisa ile sehemu ya siku ambazo dawa haikuwepo ilikuwa haijazwi tangu kabla sijahamia hapa. Tumepiga hesabu upya ya dawa nane na nimeshaongea na mfamasia wa wilaya, kuna kituo upande wa reli kina nifedipini ya 20 nyingi, wanatuma.

Mwana_Ujiji hilo la mbalamwezi nimelichukua, nimewauliza wagonjwa wakasema ni kweli kabisa na wakashangaa kwamba nimeuliza. Kliniki ya wavuvi tunaifikiria isogezwe.

Naomba mnijibu moja. Nina kijana wa kifafa yuko mbali, fenobarbitoni iliyobaki ni ya kumtosha yeye kama mwezi hivi lakini wapo wengine watatu wa kifafa wa hapahapa kijijini. Karbamazepini ninayo ya kutosha. Wote niwahamishie karbamazepini?

DaktariUnyamwezini:

Usihamishe wote kwa pamoja na wala usimhamishe huyo wa mbali, huna namna ya kumwangalia. Mtengee yeye kwanza fungu lake kwenye fenobarbitoni iliyobaki, akae hivyohivyo. Hao watatu wa karibu ndo uanze nao, karbamazepini kwa dozi ndogo huku wanaendelea na fenobarbitoni, unapandisha moja unashusha nyingine polepole kwa wiki kadhaa, kwahiyo hesabu kabisa kwamba watakula fenobarbitoni kidogo bado, isije ikaisha katikati. Kama haitoshi kwa kushusha taratibu mpigie daktari wa wilaya mapema kabla hujaanza. Waangalie ngozi, akitoka vipele au vidonda mdomoni asimamishe karbamazepini aje siku hiyohiyo. Na kama kuna binti anayetumia vidonge au vijiti vya uzazi wa mpango, karbamazepini inavipunguzia nguvu sawasawa na fenobarbitoni, muulize, depo au kitanzi ndo salama kwake. Valproeti usiipeleke kwa binti wa umri wa kuzaa hata kama ndo iliyojaa stoo, inaharibu mtoto tumboni.

NesiKasulu:

Marahaba mwanangu. Nimekubali la Mwana_Ujiji, wa mbali wapewe nyingi. Kesho kutwa nina kikao na kamati yetu nitalipeleka, tuandike vijiji vyote na muda wa safari kwenye rejista ili anayegawa dirishani asibishane na mtu.

Na huyo kijana wa kifafa, kabla hajaondoka na dawa zake mwite anayeishi naye. Mfundishe akianguka wamlaze ubavu, wasimwekee kijiko mdomoni, na ikipita dakika tano hajazinduka watafute boti hapohapo. Waandikie na namba yako kwenye kopo la dawa, daftari linapotea ila kopo linabaki.

Mfamasia_Unyanyembe:

Tabibu, hiyo nifedipini ikifika kabla hujasaini angalia tarehe kwenye kila kopo, siyo boksi la juu tu. Ya karibu kuekspaya wape wanaorudi kila wiki mbili, yenye tarehe ndefu wape wa mbali. Na fenobarbitoni ni dawa ya kufungiwa, hata ukihamisha vidonge kumi vina rejista yake na saini mbili, usije ukapata shida kwa jambo jema.